Naomba ushauri: siku tatu bila simu, Mabira au Ssese?

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Naishi Kampala, kazi yangu ni simu na kompyuta kutwa nzima, na usingizi umenipotea. Nimejaribu kuzima intaneti usiku, lakini haipiti nusu saa mkono umeshaifuata simu. Jumapili moja niliingia msitu wa Mabira, barabara ya Jinja. Nikasikia ndege na majani tu, kichwa kikatulia kabisa! Niliporudi mjini, yakawa yale yale.

Sasa nina likizo ya siku tatu. Mama ana presha, lazima aweze kunipata. Je, nirudi Mabira palipo karibu, au nivuke kwa feri kutoka Entebbe hadi visiwa vya Ssese? Na nyinyi mnaoacha simu nyumbani, dharura ikitokea mnapatikanaje?