Hadidiski sita, vichwa vya SATA vinne: splita, moleksi au nibadili pawa saplai?

FundiMpya: Wakuu habari zenu. Nina kompyuta ya mezani nataka iwe ghala la picha na video za familia, nimekusanya hadidiski sita ila vichwa vya SATA, vile bapa vya kupeleka umeme kwenye diski, viko vinne tu. Naona njia tatu, splita ya SATA ya moja kwa nne (waya unaogawa kichwa kimoja kuwa vinne), adapta ya moleksi (kile kichwa cha umeme cha zamani chenye pini nne) kwenda SATA, au pawa saplai (kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta) nyingine kabisa. Nataka kuagiza kesho, ipi salama?

Mzee_Wati: Mkuu hujasema kitu bado. Pawa saplai ya wati ngapi? Diski za inchi 3.5 au 2.5? Kuna kadi ya grafiki? Bila hivyo tunapiga ramli tu.

BintiSeva: Na mazabodi (bodi kuu) ina poti za SATA ngapi? Usije ukahangaika na umeme halafu pa kuchomeka waya wa data hakuna.

FundiMpya: Samahanini. Wati 450, stika inasema 12V ampea 36. Diski zote 3.5, grafiki hamna, kadi ya kuongeza poti ninayo. Moleksi zipo tatu sijawahi kuzigusa.

Mzee_Wati: Basi wati zinatosha. Diski ya 3.5 ikishashika kasi inakula wati 5 mpaka 9 hivi. Shughuli iko pale unapowasha, kila moja inavuta karibu ampea 2 za 12V kwa sekunde kadhaa, sita ni kama ampea 12, pawa saplai yako inabeba. Ila uliza hizo ampea zinapita wapi! Kichwa cha SATA kina pini tatu za 12V, kila pini ampea 1.5, jumla 4.5. Splita ya moja kwa nne inataka kupitisha ampea 8 hapohapo. Moja kwa mbili sawa, moja kwa nne usithubutu.

WayaNjano: Moleksi mkuu, mimi miaka yote natumia hiyo. Pini nene, inabeba mzigo kuliko SATA. Chukua moja inayotoa mbili, umemaliza.

MamaPicha: WayaNjano kaka yangu taratibu, hiyo moleksi imenitia hasara. Nilikuwa na adapta ya zile kichwa kimemiminiwa plastiki kikawa kipande kimoja, ikafanya kazi miezi minane bila shida, usiku mmoja nipo nahamisha picha nikasikia harufu kama mpini wa sufuria umeshika moto, nikazima ukutani. Kufungua nakuta kichwa cheusi tii, waya wa njano umezama kwenye plastiki mpaka umegusana na mweusi, na uji wa plastiki umegandia kwenye pini za diski. Diski ikafa na picha zote za harusi ya mdogo wangu, nakala sina. Mpaka leo akiniuliza zile picha nakosa la kumjibu. Jamani angalieni kichwa kabla ya kununua, chukueni kile ambacho waya umebanwa kwenye pini na kifuniko cha nyuma kinafunguka.

WayaNjano: Pole sana dada. Ila hapo kosa ni la kichwa cha SATA cha kumiminwa, siyo moleksi. Hata splita za SATA zinatengenezwa hivyohivyo.

KijanaModula: Mnamzungusha bure, anunue pawa saplai ya modula, ile ambayo nyaya zake zinachomoka. Nyaya zikipungua achukue za pawa saplai ya zamani, mimi ndo nafanya hivyo.

BintiSeva: Hapana hapana, usimponze mwenzio! Upande wa diski zinafanana, upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka, hata kampuni moja inabadilisha modeli kwa modeli. Waya unaingia vizuri kabisa halafu 12V inaenda palipotakiwa 5V, diski zote zinakufa kwa mpigo.

KijanaModula: Zangu mwaka wa pili huu.

BintiSeva: Zako zimelingana kwa bahati. Zipime kwa mita.

FundiMpya: Wakuu kuna kingine, diski mbili nilizitoa kwenye makasha ya USB, moja nikiichomeka haizunguki kabisa. Imekufa?

Mzee_Wati: Hili ungelisema mwanzo. Inawezekana ni pini ya tatu, ya 3.3V. Kuna diski zinazoitumia kama amri ya kuzimika, pawa saplai ikipeleka umeme pale diski inalala. Moleksi haina 3.3V, ina 12V na 5V tu, ijaribu kwa adapta.

WayaNjano: Mnaona umuhimu wa moleksi?

MamaPicha: Ya kubana lakini! Na hizo picha za familia ziwe na nakala nje ya hiyo kompyuta.

KijanaModula: Akiweka RAID, diski kadhaa zikiunganishwa ili moja ikifa data ibaki, nakala ya nini tena?

BintiSeva: RAID siyo nakala. Ukifuta faili, linafutika kote.

FundiMpya: Nimeazima adapta, imezunguka! Asanteni sana. Nauliza tu, hii pawa saplai ina miaka tisa na nikiwasha inatoa mlio mwembamba kama mbu, ni kawaida?

Mzee_Wati: Miaka tisa? Chomoa diski zote kwanza. Halafu weka picha ya stika hapa.