Hoja ya "kila kitu kina chanzo": mbona tunakwama kwenye "na Mungu aliumbwa na nani?"

Kibatari

Wakuu, naombeni msaada. Kuna mdahalo wa chuo, kila msemaji ana dakika 7, na upande wetu unatetea kwamba Mungu yupo. Hoja tuliyoipanga ndiyo hii:

1. Kila kitu kina chanzo.
2. Ulimwengu ni kitu.
3. Kwa hiyo ulimwengu una chanzo, na chanzo hicho ni Mungu.

Kwenye mazoezi wenzetu wa upande wa pili wanauliza swali moja tu, "Na Mungu chanzo chake nini?", tunabaki tunatazamana. Tukijibu kwamba Mungu hana chanzo, wanasema basi namba 1 ni uongo. Je, hoja imekufa au tunaisema vibaya? Halafu kuna mwenzetu anataka tuongeze Mlipuko Mkuu kama ushahidi wa kisayansi. Tuuweke? Naomba watu wa mantiki, matusi tuyaache kwenye nyuzi nyingine.

Fundi Saa

Mnaisema vibaya, mkuu. Ilivyo hapo, hao wenzenu wana haki ya kuwacheka.

Shida inaanzia kwenye neno "chanzo". Limetoka kwenye kuanza, na kwa Kiswahili linabeba mizigo mitatu kwa pamoja: pale jambo linapoanzia (chanzo cha mto), kilicholisababisha (chanzo cha ajali ni breki), na maelezo ya kwa nini liko hivyo. Mnaposema "kila kitu kina chanzo" mmeshasema kila kitu kina mwanzo, Mungu akiwemo. Mmejifunga goli wenyewe.

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki 1111, hakusema kila kitu. Alisema kila kilichoanza kuwapo baada ya kutokuwapo kina kilichokisababisha. Waliosoma tauhidi ya sifa 20 wanalijua neno lake, *haadithi* (si ile ya sungura na fisi), na kinyume chake ni *kadimu*, kisicho na mwanzo. Kwa hiyo ipangeni hivi:

1. Kila kilichoanza kuwapo kina kilichokisababisha.
2. Ulimwengu ulianza kuwapo.
3. Kwa hiyo ulimwengu una kilichousababisha.

Kituo. Hapo neno "Mungu" halijatajwa bado, nanyi msilitaje. Swali la "nani alimuumba" halipigi tena namba 1, kwa sababu namba 1 haisemi lolote juu ya kisicho na mwanzo. Ila jueni mmehamisha mzigo: sasa kazi yote imelalia namba 2.

Kuna njia ya pili isiyohitaji ulimwengu uwe na mwanzo kabisa. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki aliyefariki 1274, aliamini kwa imani kwamba dunia ilianza, lakini alishikilia kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha hilo. Yeye alitazama utegemezi wa sasa hivi. Chukua chungu jikoni: kimekaa juu ya mafiga, mafiga juu ya sakafu, sakafu juu ya ardhi. Ondoa figa moja, uji unamwagika saa hiyo hiyo. Sasa linganisha na babu, baba na mjukuu: babu akifa, mjukuu anazaa kama kawaida. Mlolongo wa babu unaweza kwenda nyuma bila kikomo na Aquinas hana ugomvi nao. Wa chungu ndio alisema hauwezi. Wengi wanamjibu Aquinas kwa kuuvunja mlolongo wa babu, ambao hakuujenga.

Chagueni njia moja. Ukizichanganya ndani ya dakika 7 unapigwa kote kuwili.

Bi Mantiki

Mimi niko upande wa wasioamini na nashukuru Fundi Saa ameisafisha, maana kuivunja ile ya kwanza si sifa. Hata hii iliyosafishwa ina nyufa tatu, jiandaeni nazo.

Ufa wa kwanza uko kwenye "kilichoanza kuwapo". Seremala akitengeneza meza ya mninga, meza imeanza kuwapo, lakini mninga ulikuwepo. Alichofanya ni kupanga upya. Mtoto, mvua, mlima, vyote ni kupangwa upya kwa vitu vilivyokuwepo. Ushahidi wote wa namba 1 umetoka huko. Namba 2 inadai kitu kingine kabisa: kuanza bila mbao. Neno ni moja, maana ni mbili, na hakuna aliyewahi kushuhudia hiyo ya pili hata mara moja.

Wa pili ni kutoka sehemu kwenda zima. Mwaka 1948 mwanafalsafa Bertrand Russell alijadiliana na padri Mjesuiti Frederick Copleston kwenye redio ya BBC. Russell akasema kila binadamu ana mama, lakini huwezi kuhitimisha kwamba jamii nzima ya binadamu ina mama. Ulimwengu, kwake yeye, upo tu, basi. Msikariri jibu la haraka hapa. Wakati mwingine zima hurithi sifa ya sehemu: kila kigae kikiwa chekundu, sakafu ni nyekundu. Wakati mwingine halirithi: kila kigae kikiwa na nusu kilo, sakafu haina nusu kilo. Ni nyie wa kuonyesha "kusababishwa" ni kama rangi na si kama uzito. Na wasioamini nao wasidhani kutaja Russell kumemaliza kazi, bado wanadaiwa kuonyesha ni kama uzito.

Wa tatu ndio mpana kuliko yote. Tuseme nimekubali kila kitu hadi namba 3. Nina "kilichosababisha". Kimoja au saba? Kina akili? Kinajali mtu akila nini? Bado kipo, au kilikwisha kazi yake kama kiberiti? Mwanafalsafa David Hume aliyauliza karibu yote haya kwenye maandishi yaliyotoka 1779, miaka 3 baada ya kifo chake. Hapa ndipo wasemaji wengi wa dini hufunga kwa "na huyo ndiye tunayemwita Mungu", ukumbi unapiga makofi, na hatua nzima imerukwa.

Fundi Saa

> Bi Mantiki: ...hatua nzima imerukwa.

Imerukwa na wasemaji, si na Al-Ghazali. Jibu lake linaanza na swali: ikiwa kisababishi ni cha milele na kina kila kinachohitajika, mbona ulimwengu nao si wa milele? Maji yakiwa chini ya sifuri tangu milele, barafu nayo ingekuwepo tangu milele. Kupata tokeo lenye mwanzo kutoka kwa sababu isiyo na mwanzo, anasema, lazima iwepo irada, yaani uwezo wa kuchagua moja kati ya mawili yaliyo sawa. Na chenye irada ni mtendaji, si nguvu tupu.

Mfano wake ni mtu mwenye njaa aliyewekewa tende mbili zinazolingana kwa kila kitu: ukubwa, rangi, ukaribu na mkono. Anaruhusiwa moja tu. Je, atakufa njaa kwa kukosa sababu ya kuitanguliza hii? Hapana, atachukua moja. Basi irada inaweza kubagua bila tofauti yoyote.

Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki 1198, alimjibu vizuri sana, na wasioamini wangefaa kulichukua jibu hili kabla ya kukimbilia Ulaya. Alisema huyo mtu hachagui tende hii dhidi ya ile. Anachagua kula dhidi ya kutokula, na hizo mbili hazilingani hata kidogo. Tende yoyote inamtimizia haja. Kwa hiyo mfano hauonyeshi irada inayobagua kati ya vinavyolingana.

Mimi naona Ibn Rushd alishinda kwenye tende lakini hakuufuta ugumu wa mwanzo: bado mtu anapaswa kueleza tokeo jipya kutoka kwa sababu kongwe. Kibatari, ukilitumia hili, tumia swali la barafu na uache tende. Tende zina jibu.

Nyota Njema

Niguse sayansi tu. Mlipuko Mkuu msiuweke kama uthibitisho wa uumbaji. Nadharia inasema ulimwengu ulikuwa wa moto na msongamano mkubwa takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita, na umekuwa ukitanuka na kupoa. Haisemi "kutoka pasipo chochote". Ukirudi nyuma hadi takriban 10⁻⁴³ ya sekunde, milinganyo tuliyonayo haiaminiki tena. Nyuma zaidi ya hapo ni dhana zinazoshindana.

Historia yenyewe inawatega wote wawili. Georges Lemaître, aliyechapisha wazo la kutanuka mwaka 1927, alikuwa padri Mbelgiji. Fred Hoyle, aliyelitamka jina hilo la mlipuko kwenye redio mwaka 1949, aliipinga nadharia hiyo. Novemba 1951 Papa Pius XII alihutubia akiunganisha sayansi hii na Muumba, na Lemaître hakupendezwa. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia iko nje ya maswali ya kidini na kila mtu abaki huru nayo. Mkileta Mlipuko Mkuu, mpinzani aliyejiandaa atawaletea padri wenu wenyewe.

Mtakutana pia na watu wa "Borde, Guth na Vilenkin, 2003", wanafizikia watatu. Kanuni yao inasema ulimwengu uliotanuka kwa wastani katika historia yake yote hauwezi kurudishwa nyuma bila kikomo kwa maelezo hayo hayo ya kutanuka. Kuna sharti, na kinachopatikana ni mpaka wa maelezo. Haisemi nyuma ya mpaka kuna nini.

Upande wa pili nao una kosa lake pendwa: "chembe zinatokea zenyewe kwenye utupu". Utupu wa fizikia una nishati na unafuata kanuni. Ni mninga wa Bi Mantiki, umepakwa rangi tu.

Kibatari

Asanteni sana. Sasa namba 2 niitetee kwa nini kama sayansi nimenyimwa? Na aya tusome?

Fundi Saa

Namba 2 ina utetezi wa kifalsafa. Al-Ghazali alichukua falaki ya zama zake: Jua mzunguko mmoja kwa mwaka, sayari ya Zohali mmoja kwa miaka 30. Kama mizunguko haina mwanzo, yote miwili haina idadi, na hapo hapo mmoja ni mara 30 ya mwingine. Itawezekanaje? Tahadhari: kuanzia Georg Cantor, karne ya 19, wanahisabati wanakubali kundi lisilo na mwisho lilingane na sehemu yake lenyewe bila mgongano wa kimantiki. Kwa hiyo usiseme "haiwezekani kihisabati", utaumbuka. Sema hisabati inaruhusu kwenye karatasi, na swali ni kama vitu halisi vinaweza kuwa hivyo. Hapo unasimama, japo si kwa raha.

Dakika zako: 1 ya kueleza maana ya "kuanza kuwapo" na "kisababishi", 2 za namba 1 ukiutaja mninga mwenyewe kabla hawajautaja, 2 za namba 2, na 2 zilizobaki za irada na swali la barafu. Usiuweke mwisho wa kusisimua, utakula muda wa irada.

Aya: ile ya Surat At-Tur, 52:35, inayouliza kama watu waliumbwa pasipo kitu au wao ndio waumbaji, imejengwa kama hoja, inaweza kusomwa kwa sekunde 10. Zaburi 14:1, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu", iacheni kabisa. Ukimwita mpinzani mpumbavu umempa dakika yake ya kwanza bure.

Bi Mantiki

Nyongeza moja kwa upande wangu, maana najua wanasoma. "Nani alimuumba Mungu?" ina "nani" na ina "kuumba", yaani imeshakubali kuna mtu na kuna kazi ya kuumba. Ulizeni hivi: "Kama kitu kimoja kinaweza kuwapo bila kisababishi, kwa nini kisiwe ulimwengu?" Hilo Kibatari bado hajaandikiwa jibu lake humu.

Kibatari

Nimeliona. Mdahalo ni Ijumaa, Fundi Saa usilale.