Mtoto wa mbwa anaharisha mara kwa mara: dona na dagaa, wali na kuku, au chakula cha mfuko?

Mkazi wa Kibaha
Wakuu salaam. Nina mtoto wa mbwa hapa nyumbani, tumbo lake halitulii. Choo kinakaa vizuri siku mbili tatu, kisha kinarudi kuwa cha uji. Anacheza, anakula, ila hanenepi. Chakula nimeshabadilisha sana bila mafanikio. Jumamosi naenda mjini na nataka nichague kimoja niachane na kubahatisha: dona na dagaa alivyozoea, wali na kuku wa kuchemsha, au chakula cha mfuko cha watoto wa mbwa, ule wa kilo 15. Hela ya mfuko ipo, ila sitaki ninunue halafu akigome. Mliofuga, kipi kiliwasaidia?

BintiSinoni
Mkuu hujasema ana umri gani, aina gani, kachanjwa au la, dawa ya minyoo kapewa lini. Choo chenyewe kikoje? Kina damu? Kina kamasi? Kinanuka kupita kawaida? Anatapika? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Simba wa Tabata
Chakula cha mfuko, funga mjadala. Mbwa wangu wote wamekulia humo, choo kigumu, manyoya yanang'aa. Piga hesabu ya dagaa, mkaa na muda wa kupika, utaona tofauti si kubwa kama watu wanavyosema.

Mzee wa Bucha
Mnamhangaisha mleta uzi bure. Mbwa ni wa nyama. Pita machinjioni chukua mapafu, ini na utumbo wa mbuzi, mpe vibichi. Tumbo litakaa sawa na atakuwa mkali, mwizi hasogei getini.

Afisa Mifugo Mstaafu
Mzee wa Bucha, heshima yako, ila hapo kwenye mapafu na maini mabichi napinga kwa nguvu zote. Yale malengelenge yenye maji mnayoyaona kwenye ini na mapafu ya mbuzi na kondoo ni mifuko ya tegu mdogo anayeitwa Echinococcus. Mbwa akiila, tegu anakomaa kwenye utumbo wake na mayai yanatoka na kinyesi. Mtoto wako akimshika mbwa halafu akala bila kunawa, miaka kadhaa baadaye anaweza kukutwa na uvimbe kwenye ini au mapafu. Viungo vya namna hiyo vinatakiwa vichomwe au vifukiwe, mbwa asivifikie. Na ukali hautokani na nyama mbichi, unatokana na damu ya mbwa mwenyewe na anavyolelewa.

Mleta uzi, jibu maswali ya BintiSinoni kwanza. Chakula ni swali la pili.

Mkazi wa Kibaha
Mtandao ulikuwa unasumbua. Ana miezi minne, chotara wa German Shepherd. Aliyeniuzia alisema keshachanjwa sindano moja, kadi hakunipa. Kidonge cha minyoo alipewa wiki aliyofika. Choo ni laini, cha njano, siku nyingine kina kamasi na harufu kali. Damu hapana, kutapika hapana. Asubuhi anapewa maziwa ya ng'ombe tunayokamua wenyewe, mchana dona na dagaa, usiku chochote kilichobaki.

BintiSinoni
Maziwa! Yatoe leo, kabla hata ya kufika dukani. Mbwa akishaachishwa kunyonya, uwezo wake wa kusaga sukari ya maziwa unapungua. Ile sukari inafika utumbo mpana ikiwa nzima, inavuta maji, anaharisha. Wapo wanaoyamudu, huyu wako huenda si mmoja wao. Na "chochote kilichobaki" ni nini? Kama ni mboga iliyoungwa kwa vitunguu, vitunguu ni sumu kwa mbwa hata vikipikwa.

Afisa Mifugo Mstaafu
Sasa tunaongea. Nafurahi hakuna damu wala kutapika, maana kwa umri huu hofu ya kwanza ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Sindano moja haitoshi. Chanjo inaanza kwenye wiki 6 hadi 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe angalau wiki 16. Bila kadi, mhesabu kama hajachanjwa. Akianza kutapika, akikataa chakula au choo kikiwa na damu, usisubiri kesho.

Kidonge kimoja cha minyoo nacho hakitoshi. Watoto wa mbwa tunawapa kila wiki mbili mpaka wafike wiki 12, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Mfunue mdomo uangalie fizi: zikiwa nyeupe, fikiria safura, minyoo wanaonyonya damu. Ukiona vipande kama punje za mchele kwenye kinyesi, huyo ni tegu anayeletwa na viroboto, na anahitaji dawa yenye praziquantel.

Ila choo cha njano chenye kamasi na harufu, kinachokuja na kuondoka, kinanipeleka kwenye jiardia, vijidudu vya utumbo. Hiyo unaweza kubadilisha chakula mwaka mzima na isiondoke. Chukua kinyesi cha siku tatu tofauti, maana vijidudu havitoki kila siku, upeleke kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Ikishindikana, Morogoro si mbali, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wana hospitali ya wanyama.

Simba wa Tabata
Sawa daktari, lakini mwisho wa siku lazima ale kitu. Narudia: mfuko.

Mama Chui, Dodoma
Simba, mfuko gani? Ngoja nieleze yaliyonikuta.

Nilikuwa na jike mzuri sana, mwenye adabu, watoto walimpenda. Duka moja la pembejeo hapa mjini lilikuwa linauza chakula cha mbwa cha kupima, gunia limefunguliwa mlangoni, kata juu yake. Wengi tulinunua pale kwa sababu mfuko mzima ni mzigo. Mara ya mwisho chakula kilikuja na unga mwingi chini ya mfuko, na harufu ya stoo iliyovujiwa na mvua. Muuzaji akaniambia ndiyo kimeingia jana.

Mbwa akaanza kuharisha, tukadhani minyoo. Akapewa dawa, hakuna nafuu. Akawa analala tu, anakunywa maji mengi, anatapika povu. Siku moja mwanangu akaniita: "Mama, macho ya Chui yamekuwa ya njano." Nikamfunua mdomo, fizi njano, ndani ya masikio njano. Daktari akasema ini limeshaharibika na kwamba anahisi sumukuvu ya mahindi yaliyoota ukungu. Tulimtundikia maji, hakufika mwisho wa wiki. Nilirudi dukani na ule unga mkononi. Wakaniambia hakuna mteja mwingine aliyelalamika. Gunia lilikuwa bado mlangoni, wanaendelea kupima.

Sumukuvu hiyohiyo iliua watu huku Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mbwa ana mwili mdogo na anakula kilekile kila siku, hapati nafasi ya kupona. Kwa hiyo anayesema mfuko aseme mfuko uliofungwa, wenye tarehe. Na anayesema dona aseme dona ya mahindi gani.

Simba wa Tabata
Pole sana dada. Ila hiyo ni dhambi ya muuzaji, si ya chakula. Mfuko uliofungwa uko salama.

Mama Chui, Dodoma
Marekani mwaka 2020 chakula cha mfuko uliofungwa vizuri kilirudishwa kutoka madukani kwa sumukuvu hiyohiyo, baada ya mbwa kufa. Nanusa kila mfuko ninaofungua, na nitaendelea kunusa.

Kitengela Boy
Jirani zenu kutoka Kenya hapa. Mimi nalisha omena (dagaa) na ugali na mbwa wako fiti, lakini omena za mifugo zina mchanga na chumvi balaa. Loweka, mwaga maji, osha tena, ndio uchemshe. Ukiona mchanga chini ya sufuria utajua tumbo la mtoto lilikuwa linapambana na nini. Ongeza malenge ya kuchemsha kijiko kimoja au viwili, yanasaidia choo kushikana.

BintiSinoni
Kwa sasa ningempa wali ulioiva sana na kuku asiye na ngozi wala mifupa, bila chumvi wala kitunguu, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Lakini hicho ni cha siku chache tu. Wali na kuku havina kalsiamu ya kutosha, na chotara wa German Shepherd mwenye miezi minne mifupa inakimbia. Choo kikikaa, mwanzishie cha mfuko polepole: robo kwa siku mbili, nusu siku mbili, robo tatu siku mbili, ndipo kamili. Ukiruka kutoka hiki kwenda kile kwa usiku mmoja, huwezi kujua kinachomharisha ni chakula au ni yale mabadiliko.

Afisa Mifugo Mstaafu
Naunga mkono. Akishakuwa kwenye cha mfuko, msimwongezee unga wa kalsiamu. Kwa mbwa wa umbo kubwa ikizidi nayo inaharibu mifupa.

Mzee wa Bucha
Kwa hiyo utumbo nikichemsha inakuwaje?

Afisa Mifugo Mstaafu
Ukichemka kweli, mpe mbwa mkubwa mwenye afya. Huyu bado, una mafuta.

Mkazi wa Kibaha
Maziwa nimesimamisha, kijana wa nyumbani nimeshamwambia. Kinyesi cha leo asubuhi nimekihifadhi kwenye kikopo, Jumatatu nitakuwa na cha siku tatu. Kuhusu mfuko bado sijaamua. Mke wangu anasema tungoje majibu, mimi naona Jumamosi nitakuwa mjini tayari na nauli imeshalipwa. Kuna mwenye kujua kilo 15 zinakaa muda gani kwa mbwa wa kilo 11?

Simba wa Tabata
Angalia jedwali mgongoni mwa mfuko, kila kampuni ina lake. Hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko, unyevu wa Pwani hauna huruma.

Mama Chui, Dodoma
Usimimine, uweke na mfuko wake ndani ya ndoo. Tarehe na namba ya toleo viko kwenye mfuko, na siku ya tatizo utavihitaji.

Kitengela Boy
Wakuu, nikiwa hapo hapo: wangu mkubwa anakula nyasi kila asubuhi na kutapika povu la njano kabla ya chakula. Hiyo nayo ni minyoo ama njaa ya usiku?