Mfumo wa duka la pembejeo: niandike kwa lugha gani ya programu?

Mwanagenzi
Wakuu, habari za jioni. Kuna mzee ana duka la pembejeo hapa Njombe, na stoo mbili nje ya mji. Anataka mambo matatu: kompyuta ya kaunta ifanye kazi hata intaneti ikikata, vijana wa stoo waingize mizigo kwa simu zao za Android, na mkulima mwenye kitochi aone deni lake la mbolea kwa kubonyeza nyota na namba. Mimi najua Python, JavaScript kidogo. Rafiki yangu anasema Python ni nzito, nihamie Rust. Nikitaja PHP wananicheka. Msimu wa kupanda unakaribia, nielekezeni.

FundiSeva
Mkuu, hicho cha kitochi kisikutishe. Kwenye USSD, yaani hizo huduma za nyota na namba, hakuna programu inayokaa kwenye simu. Mkulima akibonyeza, ombi linafika kwenye seva yako, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, nayo inarudisha maandishi mafupi, basi. Python inatosha kabisa. Uzito wake hutauona, maana muda mwingi unaliwa na mtandao na hifadhidata. Kazi ngumu ni kupata namba ya huduma kutoka kampuni za simu. Hiyo anza kuifuatilia leo.

Bi Mdogo
Naunga mkono, ila kwenye Android Python iache. Huko lugha yenyewe ni Kotlin, Google wanaitanguliza tangu 2019. Lakini kwa vijana wachache wa stoo, lugha mpya ya nini? Watengenezee ukurasa wa wavuti kwa hiyo JavaScript yako. Ukiupanga vizuri unafunguka hata bila mtandao.

Mzee wa Terminali
Wanaocheka PHP waulize WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, imeandikwa kwa lugha gani kama si hiyo. Seva za kukodi za bei ndogo karibu zote zinaikubali, na mafundi wake wamejaa. Rust ni lugha nzuri sana, kwa mtu anayeandika kivinjari au kitu kinachogusa mashine moja kwa moja. Hili ni daftari la madeni. Wewe ukipata ajira Dar, nani hapo Njombe atairekebisha?

Bi Mdogo
Mzee, kwa hiyo aanze PHP upya na msimu ndio huo?

Mzee wa Terminali
Hapana, abaki na Python. Nawajibu wanaocheka tu.

Karani Mstaafu
Mnabishana lugha, pesa mmeisahau. Andika 0.1 + 0.2 kwenye Python au JavaScript uone: haikupi 0.3, inakupa 0.30000000000000004. Shilingi zihifadhi kama namba kamili. Kwenye kaunta weka SQLite, hifadhidata ya faili moja, haitaki seva. Halafu usifute salio na kuandika jipya. Kila mfuko ukiingia au kutoka uwe na mstari wake, wenye saa na jina la aliyeandika. Bila hivyo, siku intaneti ikirudi na stoo zote zikatuma rekodi zao kwa pamoja, salio la moja litafuta la nyingine.

Mwanagenzi
Asanteni sana. Basi Python kwenye seva na kaunta, ukurasa wa JavaScript kwa stoo. Mkulima nitamtambua kwa namba yake ya simu.

FundiSeva
Hapo subiri kwanza. Kijijini laini moja inatumiwa na nyumba nzima, na deni la mtu ni siri yake. Weka namba ya siri kabla ya kuonyesha chochote, na muulize mzee wa duka leo hii daftarini anawatofautishaje wakulima wenye laini moja.