Picha ndogo za Kiajemi za Shahnameh, nyie mnazisomaje?

rangi_mbichi:
Wakuu habari zenu. Siku hizi nimenogewa na zile picha ndogondogo za kwenye vitabu vya zamani vya Iran, zinazochora hadithi za Shahnameh, ule utenzi wa wafalme wa Iran uliotungwa na mshairi Ferdowsi. Rangi ni moto ila kuna vitu vinanipiga chenga. Vivuli hakuna, sura zote kama mapacha, usiku unang'aa kama saa sita mchana, sasa Rostam, yule shujaa mkuu, unamjuaje ni yupi? Halafu mito mbona myeusi?

kalamu_tupu:
Sura achana nayo mkuu, angalia mavazi. Rostam anavaa ngozi ya chui milia na kofia ya vita yenye kichwa cha chui, ukiiona hiyo ndo yeye, hata akiwa katikati ya jeshi zima. Zal baba yake ana nywele nyeupe tangu azaliwe, ndo maana Sam, baba wa Zal, akamtupa mlimani na ndege Simurgh akamlea. Usiku nao tafuta mwezi, nyota, mishumaa, basi, kiza hawachori. Mchoraji anataka uone kila uzi wa zulia, sasa akimwaga giza utaona nini?

bibi_wino:
Mito haikuwa myeusi wanangu. Walipaka fedha, madini yenyewe, na fedha ikikaa na hewa miaka mia kadhaa inageuka nyeusi. Dhahabu haina shida hiyo, ndo maana anga za dhahabu bado zinawaka. Ile bluu ni jiwe la lapis lazuli kutoka Badakhshan, kule Afghanistan, linasagwa unga. Na karatasi inasuguliwa kwa jiwe mpaka iteleze, la sivyo brashi ya nywele chache itavuta vipi ule mstari?

mzee_wa_kingo:
Hapo kwa mapacha sikubali hata kidogo. Tafuta picha ya Baraza la Gayumars, mfalme wa kwanza wa Shahnameh, aliyoichora Sultan Muhammad, halafu zoom kwenye miamba, mawe yenyewe yana nyuso za watu na wanyama zimejificha! Imetoka kwenye nakala ya Shahnameh ya mfalme wa Iran, Shah Tahmasp, mjini Tabriz, karne ya 16, kitabu kimoja picha 258.

rangi_mbichi:
Duh, nimeziona hizo nyuso, nimekaa hapo mpaka macho yanauma 😂 Na kitabu chenyewe kiko wapi?

mzee_wa_kingo:
Kimechanwachanwa. Mwaka 1568 kilipelekwa zawadi kwa Sultani Selim II wa Waottoman, baadaye kikaishia kwa tajiri wa Marekani, Arthur Houghton, akaanza kuchomoa kurasa, nyingine akaipa makumbusho ya Metropolitan ya New York, nyingine akauza, roho inaniuma kila nikikumbuka. Zilizobaki zilirudi Iran 1994 kwa kubadilishana na mchoro wa Willem de Kooning, mchoraji wa kisasa wa Marekani, uwanja wa ndege wa Vienna. Ya Gayumars iko Toronto, Aga Khan Museum.

bibi_wino:
Mie naona Iran walipata dili zuri sana hapo, ila wapenzi wa de Kooning msinirushie mawe.