Mrejesho: Mama anayesahau njia, majibu yametoka

Wakuu, heshima kwenu. Ni yule niliyeuliza kuhusu mama yangu wa miaka 56 anayepotea akitoka sokoni, na kituo cha afya wakasema ni msongo wa mawazo tu. Wengi mlinihimiza nitafute daktari wa mishipa ya fahamu. Tumempata, hospitali ya rufaa.

Alianza na damu: tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU, maana hayo nayo huvuruga kumbukumbu na yana tiba. Yote safi. Kisha, kupima ubongo unavyofanya kazi, akampa karatasi achore saa. Mama, mwalimu wa hesabu huyo, alirundika namba zote upande mmoja, akasingizia kalamu. Nilishindwa kuangalia.

MRI, yaani kipimo cha picha za ubongo, haikuonyesha uvimbe wala kiharusi, ila sehemu ya kumbukumbu imesinyaa. Jibu ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu taratibu, ile aina inayoanza kabla ya miaka 65. Ameanzishiwa dawa ya donepezil, haiponyi, inatuliza dalili kwa muda. Shangazi bado anang'ang'ania mambo ya majini, hilo nimekataa. Sasa bima imegoma kulipia MRI. Aliyewahi kukata rufaa bima, naomba anielekeze.