Mjadala: Asiyesali jumuiya, padre amzike au asimzike?

Mleta hoja, Kigoma mjini

Tumsifu Yesu Kristo. Nauleta mjadala huu wazi kwa sababu kila ukitokea msiba tunarudi palepale. Kuanzia mjini hapa mpaka Kasulu na Kibondo, tangazo lenyewe tunalijua: Mkristo asiyehudhuria jumuiya ndogo ndogo, na kadi yake ya zaka haijajazwa, akifa padre haendi. Familia itajizikia. Wapo wanaosema ni sawa, Kanisa halikuanzishwa kwa ajili ya kuzika watu. Wapo wanaosema huko ni kumwadhibu maiti, na anayeumia ni mjane. Naomba tujadili mawili: mamlaka hayo yanatoka wapi, na yanamjenga nani? Mwenye hoja aje nayo, mwenye matusi akae nayo.

Katekista, Kasulu

Milele amina. Mimi natetea utaratibu, na nitaeleza kwa nini.

Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji mwaka 1879. Kwa karibu miaka mia moja baada ya hapo Kanisa la huku lilikuwa misheni, vigango (vituo vidogo vya sala chini ya parokia), na padre anayekuja kwa safari kisha anaondoka. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, wakaamua Kanisa lijengwe kuanzia chini, kwenye jumuiya ndogo ndogo. Kaya kumi, kumi na tano, zinazojuana: wanasoma Neno, wanasali, wanamtazama mgonjwa. Hapo ndipo Kanisa lilipoingia uani kwa mtu.

Sasa padre mmoja ana vigango vingi na sura hazijui. Anaitwa asimame mbele ya umati atamke kwamba marehemu alikuwa mtoto wa Kanisa. Nani amshuhudie? Huku familia zimechanganyika. Kasulu Waanglikana ni wengi, makanisa ya kilokole yako kila mtaa. Unaweza kumzika Kikatoliki mtu aliyehama miaka kumi iliyopita, na wenzake aliohamia kwao wamesimama palepale wanakutazama.

Taarifa ya msiba hutoka kwa familia kwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya, kisha kwangu, kisha kwa paroko. Ninauliza manne: jina la ubatizo, parokia alikobatizwa pamoja na namba ya LB (namba yake katika kitabu cha ubatizo), hali ya ndoa, na mara ya mwisho kupokea sakramenti, hasa mpako wa wagonjwa. Mwana jumuiya, majibu yote napewa kwa simu moja. Asiye na jumuiya, saa kumi jioni maiti iko sebuleni na watoto bado wanapekua masanduku wakitafuta cheti. Halafu lawama zinamwangukia katekista.

Msomaji wa Sheria za Kanisa, Tabora

Katekista ameeleza vizuri kazi ya jumuiya. Ila ushahidi ni kitu kimoja, adhabu ni kingine, na tangazo la vigangoni ni la adhabu.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1176, zinaanza na wajibu: waamini waliofariki lazima wapewe mazishi ya Kikanisa. Wanaonyimwa wametajwa katika kanuni ya 1184, na ni makundi matatu tu: walioasi imani, wazushi na waliojitenga na Kanisa kwa namna inayojulikana wazi; waliochagua miili yao ichomwe kwa sababu zinazopinga imani; na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini hadharani. Wote hao watatu, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Kukiwa na shaka anaulizwa askofu mahalia, na uamuzi wake ndio unaofuatwa. Mwenyekiti wa jumuiya hayumo humo. Mhazini hayumo. Zaka haimo.

Kuna anayesema, "Basi tumwingize kwenye kundi la tatu, kutolipa zaka ni dhambi ya wazi." Kanuni ya 18 inamfungia mlango: sheria inayoweka adhabu au kubana haki inasomwa kwa ufinyu, hainyooshwi. Kutegemeza Kanisa ni wajibu kweli, kanuni ya 222 inasema hivyo, lakini haikuweka asilimia wala kadi, na haikuambatanisha wajibu huo na kaburi. Kanuni ya 1181 inaagiza kabisa kwamba kwenye mazishi pasiwe na upendeleo wa watu, wala maskini asikose mazishi yanayostahili.

Tena kanuni ya 1183 inawahesabu wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kuwa sawa na waamini katika mazishi. Hata mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo, ambaye wazazi wake walikusudia kumbatiza, askofu anaweza kuruhusu azikwe Kikanisa. Sasa ambaye hajabatizwa anazikwa, halafu mbatizwa mwenye deni la zaka anafungiwa?

Mhazini wa jumuiya, Mwanga

Wasomi mnapita juu kwa juu. Mgogoro huu chanzo chake ni daftari.

Jumuiya nyingi zina daftari moja lenye safu za mahudhurio, zaka, mchango wa ujenzi, tegemeza jimbo, na mfuko wa kufa na kuzikana. Mwisho wa mwezi zinajumlishwa, mtu anaitwa "hai" au "si hai". Kosa liko hapo. Mfuko wa kuzikana ni makubaliano ya majirani kuhusu turubai, unga, maharage, jeneza na gari. Chukulia kaya kumi na mbili, kila moja ikitoa 5,000: ni 60,000 kwa msiba mmoja, na kaya tatu zikikacha fedha ya jeneza inapungua siku ileile. Hapo ni haki kabisa kusema asiyechangia hachangiwi. Lakini adhabu ya mfuko inabebwa mpaka kwenye sala, kwa sababu vyote vimeandikwa ukurasa mmoja.

Tenganisheni. Daftari la kwanza liwe la kuzikana, lenye kanuni zilizosainiwa na kila kaya: kiasi, muda wa kulipa, nani anahesabiwa mtegemezi. La pili liwe la zaka, siri ya mtu na parokia, lisisomwe hadharani. La tatu ni orodha ya waamini: majina, namba za LB, ndoa, wagonjwa. Hilo la tatu ndilo analolihitaji katekista usiku wa msiba, na ndilo jumuiya nyingi hazina!

Mswahili wa Ujiji

Mimi ni Mwislamu, mnivumilie. Kwetu kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza: wakifanya baadhi, wengine wamesalimika, wasipofanya kabisa, dhambi ni ya mji mzima. Hakuna anayeuliza risiti ya msikiti. Ila yapo mapokeo kwamba Mtume aliletewa jeneza la mtu mwenye deni lisilo na wa kulilipa, akakaa kando, akawaambia masahaba wamswalie mwenzao. Kiongozi alijitenga kwa ajili ya fundisho, lakini maiti hakukosa sala. Je, kwenu hilo haliwezekani, padre akae, katekista aende?

Msomaji wa Sheria za Kanisa, Tabora

Ahsante, mzee wangu. Linafanyika sana, na ndilo linaloficha tatizo.

Mazishi yetu yana vituo vitatu: nyumbani, kanisani, kaburini. Pasipo na padre, katekista aliyepewa ruhusa anaongoza ibada bila Misa, na hayo ni mazishi ya Kikanisa kamili. Tatizo ni nia. Katekista akitumwa kwa sababu paroko yuko kigango cha mbali, ni huduma. Akitumwa ili watu waone kwamba marehemu ni wa daraja la pili, ni adhabu isiyo na sheria. Kinachovuruga zaidi ni kwamba siku nyingine Misa inazuiliwa na kalenda: Dominika za Majilio, Kwaresima na Pasaka, sherehe za amri, Alhamisi Kuu na siku tatu kuu za Pasaka hakuna Misa ya mazishi. Familia isipoelezwa, inaondoka ikiamini baba yao amekataliwa. Katekista aseme wazi: leo ibada, Misa siku fulani.

Hata anayestahili kunyimwa kwa kanuni ya 1184, padre yuko huru kumtolea Misa wakati mwingine kwa nia ya mtu binafsi. Kanuni ya 901 inaruhusu Misa kwa yeyote, hai au marehemu.

Mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), Kibondo

Naomba tuwatazame hao "wasiohudhuria" ni nani hasa, maana mnawazungumza kama wazembe wote.

Mchukueni mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga. Anatoka giza la mwezi, anapumzika mbalamwezi. Jumuiya inasali Jumamosi alfajiri, saa ileile mitumbwi inaingia na dagaa wanatandazwa kuanikwa; mke naye yuko mchangani anageuza dagaa, akichelewa wanaharibika. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, kadi ya zaka ya kila mwezi iliendelea kudai. Huko Urambo na Kaliua mkulima wa tumbaku anaona fedha msimu wa masoko, miezi mingine ni mkopo wa pembejeo. Kadi yenye visanduku kumi na viwili imetengenezwa kwa mtu wa mshahara. Mkulima apewe nafasi ya kutoa mara moja kwa mavuno, na mvuvi akutane na wenzake siku za mbalamwezi. Hakuna kanuni inayolazimisha Jumamosi.

Halafu yuko mgonjwa wa muda mrefu ambaye jumuiya ilipaswa kumwendea yeye. Miaka miwili hakuna aliyepiga hodi, siku ya kufa anaandikwa "hakuhudhuria". Yuko pia mke ambaye mahudhurio yake yanasomwa kwa jina la mume. Mume haendi, basi kaya nzima si hai.

Na kuhusu maana, maana mleta hoja kauliza yanamjenga nani. Mtu anayefiwa hakumbuki mahubiri. Anakumbuka maji ya baraka yakinyunyizwa kwenye jeneza, mshumaa wa Pasaka pembeni yake, jina la ubatizo likitajwa kwa sauti. Jina lile alipewa mbele ya maji na mshumaa kama ule. Ukimnyima hivyo vitu mwisho wake, umeiambia familia kwamba ubatizo ulikuwa wa kukodi. Watoto wake hutawaona jumuiya. Utawaona kwa jirani, alikokuja mchungaji kuwazikia baba bila masharti.

Katekista, Kasulu

Mama, kuhusu wavuvi na wagonjwa umenishika, sibishi. Na mhazini yuko sahihi juu ya madaftari. Ila jibuni na hili: mkiondoa sharti lote, jumuiya itabaki na akina mama watano na watoto. Watu watakuja kwa mambo matatu tu, kubatiza, kuoa na kuzika. Na walio kwenye uchumba sugu, yaani wanaoishi pamoja bila ndoa ya Kanisa, miaka ishirini, waliokataa ndoa kila walipofundishwa, nao tuwazike kwa Misa kama waliojitahidi? Hao si wadhambi wa wazi?

Msomaji wa Sheria za Kanisa, Tabora

Swali la uchumba sugu ni zito kuliko la zaka, kwa sababu hapo kundi la tatu linaweza kuguswa. Lakini vipimo ni viwili kwa pamoja: dhambi iwe ya wazi, na mazishi yawakwaze waamini. Mtaani ambako nusu ya nyumba ziko hivyo, nani atakwazika? Mara nyingi kwazo kubwa ni kumnyima. Na dalili ya toba haihitaji karatasi. Kumwita padre kitandani, kushika rozari, kuomba asaliwe, inatosha. Mwaka 1973 Roma ilikwisha kulegeza jambo hili kwa wadhambi wa wazi walioendelea kushikamana na Kanisa. Hata waliojiua, sheria ya 1917 iliwataja kati ya wanaonyimwa. Ya 1983 haikuwataja.

Familia inayokataliwa isigombane na mwenyekiti. Imwendee paroko, imwombe ataje kanuni anayoitumia. Asipoeleweka, ipige simu kwa dekano (padre msimamizi wa parokia kadhaa) au kwa makamu wa askofu siku hiyohiyo, kabla ya kaburi kuchimbwa. Rufaa ya maandishi ipo, na siku zake ni kumi na tano, lakini maiti haisubiri siku kumi na tano.

Mhazini wa jumuiya, Mwanga

Katekista anaogopa jumuiya kufa. Itaponea kwenye hesabu zilizo wazi. Kanuni ya 1287 inataka waamini wasomewe mahesabu ya walichotoa. Parokia inayobandika mapato na matumizi kila robo mwaka haihitaji kutisha mtu na jeneza.

Katekista, Kasulu

Haya. Daftari la tatu nalianza kigangoni, majina na namba za LB, wagonjwa juu kabisa. Uchumba sugu bado sijakubali, Mwalimu wa sheria. Unaposema nusu ya mtaa wako hivyo, kwangu hiyo ndiyo sababu ya kusimama imara. Tuendelee hapo.